Siku Nilipompelekea Dezi Maji Ndani

Mume wangu Kibwana alikuwa saisi, yaani mtunza farasi, na mimi nilimwogopa farasi kuliko nyoka. Nyoka utamwona leo, kesho humwoni. Farasi alikuwa nyuma ya jiko langu kila siku.

Alikuwa jike, rangi yake kama kahawa iliyotiwa maziwa kidogo, jina lake Dezi. Hakuwa wetu. Mwenyewe alikuwa Memsabu mmoja wa Diani, aliyekuwa akimpanda asubuhi ufukweni, nywele zake na za farasi zikipepea pamoja. Bendera ilipobadilishwa, Memsabu akauza nyumba, akaenda Mombasa kungojea meli, na akamwomba Kibwana akae na Dezi mpaka lori la yule aliyemnunua farasi lije kumchukua. Tajiri mpya wa ile nyumba hakutaka mavi ya farasi karibu na baraza yake. Basi Kibwana akamleta kwetu Galu, akamtia katika banda letu la nazi.

Banda lile lilikuwa la mawe na udongo, paa la makuti, mlango mmoja mwembamba, dirisha hata la kupitisha kuku hakuna. Lilifaa nazi. Nazi haiogopi kitu.

Watu walikuja kumtazama kama watu wanaokuja kumtazama bibi harusi. Watoto waliuliza kama anatafuna watu. Na Nzai, yule Mduruma wa Kinango aliyekuwa akituletea mbuzi wa kuuza na akifika hulala kwetu, alimzunguka mara nyingi, fimbo mabegani, kisha akaanza maneno.

"Kibwana, huyu anakamuliwa?"

"Hakamuliwi."

"Mnamla?"

"Hatumli."

"Analima?"

"Halimi."

"Basi kazi yake ni nini?"

"Kumbeba Mzungu."

"Mzungu amekwenda zake."

Kibwana akakuna kidevu. "Ndiyo maana unamwona amepumzika."

Nzai akacheka mpaka akakaa chini. "Nyinyi Wadigo," akasema, "mkipewa uhuru mnafuga kiti."

Kibwana hakukasirika. Si mtu wa kukasirika, na nadhani ndiyo sababu wanyama walimpenda. Alitaka na mimi nimzoee Dezi. Jioni moja alinisimamisha mlangoni mwa banda, yeye yumo ndani, mkono juu ya shingo ya yule mnyama.

"Unabana pumzi," akaniambia.

"Sibani."

"Unabana. Mwone, masikio yake yamekuelekea wewe. Farasi hana haja na maneno yako, mke wangu. Anasikiliza mwili. Ukikaza mabega, yeye anasema moyoni, huyu ameona chui, mimi chui simwoni, basi nikimbie kwanza, tutaulizana huko mbele."

"Nifanye nini?"

"Ulegee."

"Nitalegea vipi na huku naogopa?"

Akafikiri. "Hilo nalo," akasema, akaendelea kumpapasa Dezi shingo.

Kazi yangu kwa Dezi ilikuwa moja tu, maji. Nilikuwa nikiteka kisimani, najitwika debe, nalifikisha mpaka mlangoni mwa banda, nabisha hodi, Kibwana analipokea na kuliingiza. Lile debe lilikuwa wazi juu, na kati yake limepigiliwa kipande cha mti cha kushikia, na kile kipande kilipogonga bati Dezi alikuwa akinguruma kidogo puani, kama mzee aliyeitwa kula. Mimi na yeye tulijuana hivyo, yeye ndani, mimi nje.

Siku ninayoisimulia ilikuwa kabla ya adhuhuri. Nilikuwa nimerudi na maji, nimelitua debe karibu na jiko ili kwanza nigeuze wali usiungue. Kibwana alikuwa bandani akimpiga Dezi brashi. Alimfunga kama kawaida yake, kwenye nguzo ya ndani kabisa, kichwa ndani na matako mlangoni.

Nikasikia nazi kavu ikidondoka. Kwetu nazi hudondoka kila saa, hata hatugeuzi shingo. Ila hii ilidondokea paa la banda, ikalipasua, nayo na kipande cha kuti vikamwangukia Dezi mgongoni.

Kisha nikasikia kitu kama mchi unaotwanga ukuta.

Nilipofika mlangoni, macho yalikawia kuona. Niliona kwanza matako ya Dezi, mkia ameubana, misuli ya mapaja inarukaruka. Alikuwa akiivuta kamba kwa nguvu zake zote kurudi nyuma, na nguzo ilikuwa ikilia. Lile kuti lilining'inia kwenye tundu la paa, likiyumba juu yake, na kila likiyumba yeye alipiga kwato. Na kule mbele, chini ya shingo yake, nikaona miguu ya Kibwana. Mmoja ulikuwa umeelekea mahali ambapo mguu hauelekei.

"Mwenzangu," nikasema.

"Nipo," akajibu, sauti ndogo. "Amenibana ukutani, nikaanguka. Usiingie. Na usipige kelele."

Mimi sikupiga. Aliyepiga ni mavyaa wangu, Bi Mbeyu, aliyekuwa amenifuata nyuma na kuona mguu wa mwanawe. Sauti yake iliwafikia watu mashambani. Muda si muda ua ukajaa. Kila aliyefika aliuliza kwa nguvu kuna nini, na kila aliyejibu alijibu kwa nguvu zaidi, na Dezi ndani alikuwa akizidi kutetemeka. Jasho lilimchuruzika tumboni. Povu lilimtoka kinywani, jeupe, likidondoka. Ukimtazama jicho uliona weupe mtupu.

Wajukuu zangu, kwetu pwani mtu akitetemeka hivyo, akitoka jasho na povu na kugeuza macho, hakuna asiyejua ana nini. Mavyaa alijua papo hapo.

"Huyu ana pepo," akasema. "Pepo wa kizungu. Memsabu amekwenda, pepo wake amemwacha ndani ya huyu, naye anataka kwao."

Watu wakaitikia. Hata mimi niliona ni kweli. Nilikuwa nimewaona wanawake wakitetemeka hivyohivyo, na mavyaa akiwatuliza, kwani alikuwa fundi wa hayo na watu walimfuata hata kutoka Msambweni. Alikwenda mbio nyumbani akarudi na chetezo kinafuka ubani mkono mmoja, na mkono wa pili kayamba lake, lile la matete lenye mbegu ndani. Alikuwa mama anayetaka mwanawe. Hakuna aliyemzuia.

Alisimama mlangoni, akapuliza moshi uingie, akaanza kulitikisa kayamba, shaa, shaa, shaa, na kumsemesha pepo kwa adabu amwambie anataka nini.

Sauti ya kayamba, mtu akiisikia bila kuliona, ni sauti ya joka kubwa majanini. Na moshi kwa mnyama ni moto. Dezi alirusha teke moja lililopasua fremu ya mlango, kipande cha mti kikampita mavyaa sikioni. Halafu akasimama kwa miguu ya nyuma, kamba ikamrudisha, kwato za mbele zikatua kwa kishindo. Nikamsikia Kibwana akivuta pumzi kwa meno.

"Amekukanyaga?" nikaita.

"Bado. Ondoeni huo moshi."

Mavyaa alirudi nyuma. Midomo yake ilikuwa ikienda bila sauti. Nilimshika mkono nikamwambia, "Mama, tafadhali, tungojee kidogo," na ndiyo mara ya kwanza nilipomkataza jambo mama yule. Alilikumbatia kayamba lake akakaa chini.

Nzai akaja na shoka.

"Ng'ombe akikwama zizini tunabomoa zizi," akasema. "Nipisheni, navunja ukuta wa nyuma, namvuta Kibwana kwa miguu."

Lilikuwa wazo zuri kwa ng'ombe. Pigo la kwanza la shoka udongo ulimwagika ndani, Dezi akaruka upande, na kwato ikatua karibu na sikio la Kibwana hata nikaona mchanga ukimrukia usoni. Nikapiga yowe. Nzai akatupa shoka.

"Afunguliwe tu akimbie," mtu akasema.

"Kamba iko kwenye nguzo ya ndani. Nani atakwenda kuifungua? Utapita wapi? Matako ndiyo haya mlangoni."

"Tumngoje achoke."

Hapo Kibwana akasema, na sasa sauti yake ilikuwa imepungua, "Biasha, naona mguu unatoka damu. Si nyingi. Lakini haisimami."

Kungoja kukawa hakuwezekani.

Watu wakatazamana. Kila mmoja alikuwa akimtafuta mwenzake. Nami nikajua kwamba katika ua mzima ule, Dezi alikuwa hajuani na mtu mwingine yeyote, ila Kibwana aliyelala chini, na mimi wa maji.

Nilikwenda mlangoni. Nilijiambia nilegee. Kadiri nilivyojiambia ndivyo nilivyozidi kukaza. Nilipotia mguu mmoja tu ndani, Dezi aliinua mguu wa nyuma akauweka tayari. Nikarudi.

"Siwezi," nikamwambia Nzai. "Nikiingia hivi atamuua."

"Kaa, shemeji. Si kazi ya mwanamke."

"Si ya mwanamume vilevile, maana nyinyi nyote mmesimama."

Nikageuka nisimwonyeshe machozi, na macho yangu yakaangukia debe, pale kando ya jiko nilipoliacha. Maji yamejaa mpaka ukingoni, yametulia, yanaonyesha wingu.

Niwaambie jambo ambalo wanawake wa siku hizi wenye bomba uani hawalijui. Debe wazi lililojaa halibebwi kwa nguvu. Ukikaza shingo linamwagika, ukikaza mabega linamwagika, ukitazama miguu linamwagika. Tangu nikiwa mdogo nilipigwa makofi kwa kila tone wakati wa kiangazi, mpaka mwili ulijifunza wenyewe. Likishakaa kichwani, shingo inarefuka, mabega yanashuka, magoti yanakuwa laini, macho yanakwenda mbali, pumzi inatoka taratibu. Sikuwahi kuuagiza mwili wangu. Ni debe linalouagiza.

Nikachukua kisu cha jikoni, nikakisokomeza kiunoni, nikakunja kata ya kanga, nikaiweka kichwani.

"Kaka Nzai, nitwike."

Akanitazama kana kwamba na mimi nimepandwa. "Unakwenda kisimani saa hizi?"

"Limejaa. Nampelekea Dezi maji."

"Biasha," mavyaa akaniita kutoka chini. Sauti yake haikuwa ya kunizuia wala ya kuniruhusu. Nzai akainama, akashika upande wake, mimi wangu, tukalipandisha.

Na kweli, wallahi, lilipotua kichwani nikasikia mabega yanashuka. Moyo ulikuwa ukipiga kama mwizi anayekimbizwa, lakini mwili haukuwa na habari na moyo.

Mlangoni nilikunja magoti nisiiname shingo, nikapita chini ya ile fremu iliyopasuka. Ndani kulikuwa na harufu ya jasho na ubani. Nilikwenda nimejibandika ukutani, upande wa kushoto. Mguu wa nyuma wa Dezi ulikuwa karibu na goti langu. Ukainuka.

"Zungumza," Kibwana akasema kutoka chini, taratibu. "Ajue uko wapi."

"Niseme nini?"

"Chochote. Polepole tu."

Kichwani mwangu hamkuwa na neno hata moja. Mlikuwa na maji juu na hofu chini. Lakini kuna maneno yanayotoka yenyewe kwa mtu aliyezoea, na mimi usiku wa maisha yangu yote nimetega vitendawili.

"Kitendawili," nikasema.

Kimya. Nikadhani amezimia. Kisha akasema, "Tega."

"Nyumba yangu ina nguzo nne, na ukiipigia kelele inahama."

"Farasi."

"Umejuaje?"

"Niko chini yake."

Ule mguu ukashuka. Haukushuka wote, ncha ya kwato iligusa chini tu, lakini ulishuka.

"Mwekee mkono," Kibwana akasema. "Juu ya paja. Ukishauweka usiuondoe. Uburure tu, uende nao."

Nikaushusha mkono mmoja kutoka kwenye debe. Ngozi yake ilikuwa moto na imelowa, na ilikuwa ikicheza chini ya kiganja changu kama maji ya kidimbwi yakipigwa na upepo. Na mimi nikatambua jambo lililonishangaza. Alikuwa akiogopa kuliko mimi.

"Kitendawili."

"Tega, mke wangu."

"Mgeni huyu haingii kwa hodi. Hukaa kifuani pa mwenyeji. Mwenyeji akimsukuma, ndipo anapojipanua."

Nikapiga hatua. Mkono ukapita kiunoni, ukapita mbavu. Lile kuti likayumba juu yetu, mbavu zikatanuka, debe likatikisika, tone moja likanishukia puani. Nilisimama mpaka zikateremka.

"Huyo mgeni simjui," Kibwana akasema. Maneno yake sasa yalikuja mojamoja. "Nipe mji."

"Nakupa Vanga."

"Vanga sitaki. Barabara ile, na mguu huu?"

"Nakupa Kinango."

"Kinango hakuna maji."

Nje nikamsikia Nzai akikohoa.

"Basi nakupa Mkwiro."

"Mkwiro nimepokea. Nitakula samaki nikiwa nimelala."

"Ni hofu, mwenzangu. Mgeni ni hofu."

"Aa," akasema. "Namjua sana huyo. Amekuja na jamaa zake wote."

Nilikuwa nimefika begani kwa Dezi. Jicho lake, lile jeupe, liligeuka likanitazama. Chini kulia kwangu niliona nguo ya Kibwana na kitu cheusi kilichokuwa kimeenea juu ya vumbi. Shingo yangu ikataka kugeuka.

"Usinitazame mimi," akasema. "Ukinitazama utakaza. Mtazame yeye masikio."

Basi mume wangu alilala miguuni pangu akitokwa damu, na mimi nikatazama masikio ya farasi.

Kulitua debe peke yako ni kazi. Nilichuchumaa mgongo ukiwa umenyooka, nikalishika kwa mikono miwili, nikalishusha mbele ya kifua, na kile kipande cha mti kikagonga bati, ko. Niliganda. Lakini masikio ya Dezi yaliyokuwa yamelala nyuma muda wote yakainuka, moja kwanza, la pili baadaye. Ilikuwa ni ile sauti yake ya kila siku. Alinguruma puani, kwa shida, kama mtu anayejibu salamu akiwa na homa. Akashusha kichwa. Akanywa.

Alipokishusha kichwa, kamba ikalegea.

Fundo lilikuwa limekaza halifunguliki, likawa kama jiwe. Nilitoa kisu, nikaikata kamba karibu na nguzo, uzi mmojammoja, nikihesabu miji niliyokuwa sijampa Kibwana ili mdomo uwe na kazi. Ncha ikabaki mkononi mwangu. Sasa alikuwa huru, na katikati ya huyu aliye huru na mume wangu hapakuwa na kitu ila mimi.

"Mtoe kinyumenyume," Kibwana akasema. "Hapa hawezi kugeuka. Vidole viwili kifuani kwake. Usisukume. Mguse, toa pumzi, umngoje."

"Na asiporudi?"

"Utamngoja tena."

Nikamgusa kifuani. Nikatoa pumzi. Hakwenda. Nikaitoa tena, ndefu, mpaka nikahisi tumbo limegusa mgongo. Akahamisha uzito. Mguu wa mbele wa kulia ukainuka kutoka chini, nao ulikuwa kando ya mkono wa Kibwana aliokuwa ameukunjua na hana nguvu ya kuukunja. Kwato ikakaa hewani juu ya vile vidole. Ikakaa. Sijui ilikaa kiasi gani, lakini mimi hapo nilizeeka. Kisha ikarudi nyuma, ikakanyaga vumbi tupu.

"Kaka Nzai," nikasema, kwa sauti ileile ya kutegea, "anatoka. Watu wasogee mpaka kwenye mihogo. Asikimbie mtu. Na asipige mtu kigelegele."

Nikasikia nyayo zikiondoka, laini, kama watu wanaotoka msikitini. Hatua, pumzi, hatua, pumzi. Matako yakatoka mlangoni, mgongo ukatoka, jua likampiga machoni, akatetemeka mwili mzima kuanzia shingo hadi mkia. Nami nikasimama naye. Tulikuwa nje.

Wanaume waliingia nyuma yetu na kitanda cha kamba. Nilikuwa nimempeleka Dezi pembeni, chini ya mbingu tupu mbali na minazi, nimeupa mgongo ule mlango. Walipomwinua Kibwana alitoa sauti ambayo sijawahi kuisikia tena kwa mtu, na Dezi akatupa kichwa juu, kamba ikanikwaruza kiganja. Nilitaka kumwachia. Miguu yangu ilikuwa imeshageuka. Lakini ningemwachia angepita katikati ya wale wanaume na kile kitanda.

Nikatoa pumzi. Nikamsikiliza mume wangu akilia, na mabega nikayashusha.

Walimpitisha nyuma yangu. Nzai alimfunga mguu kwa shuka lake na vipande viwili vya upau. Nikamsikia akisema kwamba wangekwenda mpaka barabara kuu, wakasimamishe gari lolote, wampeleke hospitali ya Msambweni. Kisha nyayo zikafifia, na ua ukabaki mtupu. Mimi nikabaki na farasi wa mtu.

Kulia nako sikuweza. Nikianza tu kifua kupanda, masikio yale yanageuka.

Sijui nilisimama kwa muda gani. Nilimsikia mavyaa akija kutoka kwenye mihogo. Hakuja moja kwa moja. Alikuja akizunguka kwa mbali, mahali ambapo Dezi angemwona, mikono mitupu ameining'iniza.

"Nisimame wapi?" akauliza.

"Hapohapo, Mama. Begani kwake."

"Nipe hiyo kamba. Wewe mfuate mumeo."

"Mama, wewe unamwogopa."

"Namwogopa sana. Nieleze."

"Toa pumzi."

"Nimetoa."

"Umeibana, Mama. Naiona."

Akaitoa. Ilitoka imekatikakatika, kama maji ya kwanza ya mvua kwenye mfereji, na nadhani ilikuwa na kilio chote alichokuwa amekizuia tangu asubuhi. Dezi alimtazama. Akamnusa ukaya, kile kitambaa chake cha kichwani, ambao bado ulinuka ubani, akapiga chafya. Mavyaa alifumba macho lakini hakusogea.

"Sasa?" akauliza.

"Sasa usifanye lolote."

"Hilo ndilo gumu."

"Ndilo, Mama."

Nikamwekea kamba mkononi, kidole kwa kidole. Mkono wake ulikuwa baridi. Nikaondoka nikitembea taratibu, kama mtu anayekwenda kuchuma mboga, mpaka nikapita jiko, nikapita mihogo, nikapita ua wa jirani wa mwisho. Hapo nikakusanya kanga zangu nikakimbia.

Niliwakuta barabarani. Walikuwa wamekishusha kitanda kivulini, Nzai amesimama katikati ya njia na mikono juu akingoja gari ambalo sauti yake ilikuwa ikisikika kwa mbali, kutoka upande wa Ukunda. Kibwana alikuwa na rangi ya jivu, lakini macho yalikuwa wazi. Nilipiga magoti kando yake, na yale machozi niliyoyanyima njia yakaja yote, na kelele zake.

Aliningoja. Kisha akanishika pindo la kanga.

"Umemwachia nani Dezi?"

"Mama."

"Mama yupi?"

"Mama yako."

Nikaona tumbo lake linaanza kucheza, kisha kifua, na maumivu yakamkunja uso, naye bado anacheka, mpaka Nzai akageuka barabarani akamkemea.

"We Kibwana, lala utulie. Utautonesha mguu."

"Analo kayamba?" Kibwana akauliza.

"Hana," nikasema. "Ana pumzi tu."

Gari likatokea. Lilikuwa la mkaa, limejaa, na dereva wake alikuwa ameanza kupunguza mwendo.